Banshi moja, ukoo mzima wabishi

"Umenunua farasi, kisha unamlisha mchanga," ami aliniambia, wala hakunyanyuka kwenye mkeka wake.

Tulikuwa huku Oman, nyuma ya Bidiya, pale lami inapokwisha na mchanga wa Wahiba unapoanza, Ijumaa moja ya mwezi wa 12. Raptor yangu, pikipiki ya magurudumu manne, ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na imekataa kupanda tuta ambalo watoto walikuwa wakilipanda kwa miguu na kuserereka nalo juu ya vipande vya maboksi. Nilikuwa nimeinunua miezi mitatu kabla kwa rial 950: Yamaha Raptor 700R ya 2009, mkono wa pili, au pengine wa tano. Safari ya tatu tu, hoi.

Asili yetu ni Mudhairib. Babu alikwenda Unguja, baba akazaliwa huko, mimi nikazaliwa Maskati, na tukigombana tunagombana kwa Kiswahili. Msimu wa baridi ukifika hatugombanii urithi wala siasa. Tunagombania hizi pikipiki za magurudumu manne. Sisi tunaziita banshi zote, kama wanavyoziita wengi huku Ghuba, hata ile ambayo si Banshee.

Ami anayo Banshee ya kweli. Ni ile ya silinda mbili, cc 347, injini ya mipigo miwili, ambayo Yamaha waliianza 1987 na kuiuza Marekani mpaka 2006. Haina stata, unaipiga teke. Haina rivasi, unashuka na kuivuta. Oili anaichanganya na petroli mwenyewe kwenye dumu, kwa kipimo cha kikombe kimoja cha plastiki ambacho hakuna ruhusa ya kukigusa. Kwake yeye, banshi zote zilizokuja baadaye zinakohoa, haziimbi.

Binamu yangu anayo YFZ450R, cc 449, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya kuruka vilima kwenye uwanja. Yangu aliiita tembo aliyevaa raba. Shemeji yetu mwenye shamba Barka, yeye anaendesha ile ya kazi, inayovuta magurudumu yote manne, ina chanja mbele na nyuma. Alikuwa akituangalia sisi watatu kama watu wazima waliotoroka na midoli ya watoto. "Hiyo yako inabeba nini?" alikuwa akiniuliza kila mara. "Gunia la mbolea haibebi. Pakacha la tende haibebi. Hata mke haibebi." Hapo alikuwa na haki, maana kiti cha banshi ya spoti ni kirefu ili dereva apate kuhamisha mwili wake mbele na nyuma, si ili apakie mtu.

Nami nilikuwa na hoja gani? Ukweli ni kwamba niliinunua kwa sababu ya mbio za Dakar. Nilikuwa nimewatazama ndugu wawili wa Argentina, Marcos na Alejandro Patronelli, wakibadilishana ushindi wa kwadi, yaani hizi hizi za magurudumu manne: Marcos 2010, Alejandro 2011 na 2012, kisha Marcos tena 2013 na 2016, wote juu ya Raptor 700. Nikaona banshi iliyovuka majangwa ya Amerika ya Kusini haitashindwa na Wahiba. Ile ya Dakar ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa upya na mafundi, ikibadilishwa shokapu na tangi na karibu kila kitu. Yangu ilikuwa imekaa nyuma ya banda la mbuzi.

Basi siku ile ya moshi ukoo mzima ulipitisha hukumu: 700 ni mbovu. Tukaifunga kwenye trela, nikaipeleka Barka.

Fundi wa kwanza, wa karakana ya magari, alifungua kichwa cha injini, akaikuta silinda ina michirizi, akasema ataichonga na kuweka pistoni kubwa kidogo. Mambo yameisha. Nilikuwa nimeshatoa pesa mfukoni. Binamu akanipigia simu kwa jambo jingine kabisa, nikamtajia, akapiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. Silinda ya Raptor 700 haina ganda la chuma ndani la kuchongwa kama magari mengi ya zamani. Ni aluminiamu iliyopakwa tabaka gumu la kauri. Ukiichonga unaliondoa lile tabaka, na siku chache baadaye unarudi pale pale. Ama uipeleke ikapakwe upya, ama ununue nyingine. Nikaiondoa pale nikampelekea fundi wa pikipiki, mzee mmoja mkimya, nikanunua silinda, pistoni, ringi na gasketi. Bili ilikuwa rial 280, na wiki mbili za kuombwa subira.

Lakini jambo lililonifungua macho mzee yule alilifanya kabla hajagusa injini. Alinyanyua kiti, akatoa filta ya hewa, akafunga kitambaa cheupe kwenye kidole na kukipitisha ndani ya bomba linalokwenda kwenye injini, yaani upande ambao hewa imeshachujwa. Kitambaa kikatoka na rangi ya mdalasini. Akanipa nisugue baina ya vidole. Ulikuwa mchanga, laini kama unga, na ukiusugua unakwaruza.

Mwenye banshi wa zamani alikuwa ameondoa kifuniko cha sanduku la filta ili injini itoe mlio mzito. Filta yenyewe ni sponji, na sponji bila oili yake haikamati vumbi. Tena ukingo wake haukupakwa grisi, kwa hiyo kila nilipovuta mafuta kwa kidole gumba mchanga ulikuwa ukipita pembeni. Ami alikuwa amesema kweli bila kujua: nilikuwa namlisha mchanga, kijiko kwa kijiko.

Tangu hapo nina kawaida ambayo mke wangu anaicheka. Kila tukirudi kutoka Bidiya, kabla sijaoga, naiosha filta kwa maji ya sabuni, naianika kivulini, kisha naitia oili yake maalumu na kuikamua. Unaikamua kama tui, kwa kuiminya. Usiipopotoe kama nguo, itachanika pale ilipogundishwa. Ukingo napaka grisi. Nyingine ya akiba naiweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti. Kifuniko cha sanduku nilikirudisha, mlio ukapungua, na ami akasema sasa inapumua kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Injini ikapona, ubishi haukupona. Nilifanya kosa la pili kwenye kituo cha petroli. Nilimwambia kijana aniongezee upepo, nikaenda kununua maji. Akajaza kama anavyojaza gari, psi 28. Banshi ya namna hii hutumia kama psi 4 au 5, kiasi kwamba geji ya gari haiwezi hata kukisoma vizuri. Ule upepo ndio shokapu yake ya kwanza. Nilipoiingiza kwenye changarawe ikawa inadunda kama mpira wa kikapu, mikono ikafa ganzi, na binamu aliyekuwa nyuma yangu akaamini amepata ushahidi wa mwisho kwamba springi za 700 ni za baiskeli. Siku hizi natembea na geji ndogo ya upepo mdogo shingoni, kwenye kamba, kama refa.

Halafu kijana wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 17, akaichukua kwenda dukani kununua mkate, juu ya lami. Alirudi anaisukuma, kiwiko kimechunika. Kwenye kona, alisema, usukani ulikataa, kisha upande mmoja ukanyanyuka. "Si nilisema?" ami akadakia, "mbovu!" Hapo nilikasirika kidogo. Nikaingia jikoni nikachukua kijiti cha kusukumia chapati, nikakiviringisha juu ya meza mbele yake. Nikamwambia akikunje kona. Hakikunji, kinataka kwenda moja kwa moja tu. Magurudumu ya nyuma ya banshi ya spoti yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu inayovutwa na cheni, hakuna difa ya kuruhusu la ndani lizunguke pole pole kuliko la nje. Kwenye mchanga halidhuru, gurudumu linateleza na mambo yanakwenda. Kwenye lami limeshika, haliachii, na ukilazimisha kona kwa kasi unapinduka. Banshee yake ni vile vile. Ami akakichukua kile kijiti, akakiviringisha mara mbili tatu, akaomba chai.

Nadhani kijiti ndicho kilichomlainisha, maana mwezi wa pili alikubali pendekezo langu: Ijumaa moja, matuta yale yale, kila mtu aendeshe ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimeshafunga matairi ya makasia nyuma, yale yenye mbavu ndefu zinazochota mchanga, na mbele yenye mstari mmoja katikati ili usukani usikilize. Makasia hayo ni ya mchanga tu. Kwenye ardhi ngumu yanalika na breki haishiki, kwa hiyo nina seti mbili za magurudumu.

Tulianza kwenye ardhi yenye mawimbi kabla ya matuta. Hapo sina la kusema, YFZ ya binamu ni mali. Ni pana kuliko yangu, nyepesi, inameza mabonde kana kwamba hayapo, na inageuka ukiifikiria tu. Yangu, yenye karibu kilo 190, baada ya kilomita kumi inataka mabega ya mchukuzi. Nilishuka nikamwambia binamu mbele za watu kwamba alikuwa na haki. Hakuzoea kuambiwa hivyo, alinyamaza.

Kwenye uwanda ulionyooka, Banshee ikatuacha sote. Inaanza kama imelala, halafu ikifika mizunguko ya juu inaamka mara moja na kukupasua masikio. Nilimwelewa ami siku ile kuliko miaka yote niliyomjua. Mikono ilinitetemeka nilipomrudishia.

Tuta kubwa likageuza kibao. Binamu aliipanda Banshee, akachelewa gia, injini ikashuka mizunguko na kuzimika katikati ya mteremko. Sasa piga teke ukiwa umesimama kwenye mchanga unaotiririka, mashine inarudi nyuma, jua linakutazama. Alipiga mateke kumi na moja, tulihesabu kwa sauti. Ami naye alikuwa na Raptor yangu. Akasimama nusu ya tuta kwa makusudi, mtu mzima anatutania, akakaa kidogo, kisha akabonyeza mafuta. Silinda moja ya cc 686 ina nguvu tangu chini. Ikachota mchanga na kuendelea kupanda kama punda aliyeijua njia. Upande wa pili akaingia kwenye shimo, pua ikagonga ukuta wa mchanga. Tukaanza kukimbia kwenda kumvuta. Kabla hatujafika akatia rivasi, akatoka mwenyewe, akatupungia mkono.

Shemeji hakushindana. Alikaa chini na ile yake ya kazi, amefunga kamba kwenye chanja, na mpaka alasiri alikuwa amewavuta watu sita, wawili kati yao tusiowajua kabisa. Kila aliyemvuta alimuuliza: "Na hiyo yako inabeba nini?"

Nimefanya misimu miwili tangu hapo na silinda ile ile. Nimebadilisha cheni mara moja, beringi za ekseli ya nyuma mara moja, na sili za pistoni za breki za mbele, ambazo vumbi huzila. Oili inashuka kidogo sana kati ya safari na safari. Ukiniuliza kama ni banshi nzuri nitakuuliza kwanza unakwenda nayo wapi, na ukisema dukani nitakushauri ununue baiskeli.

Wiki iliyopita binamu alinipigia. Ana wageni kutoka Mombasa, anataka kuwapeleka Bidiya, na je, naweza kumwazima 700 kwa siku mbili. "Si kwamba ni nzuri," akasema, "ni ile rivasi tu, hawa hawajazoea."

Nikampa, na filta ya akiba ndani ya mfuko wake wa plastiki, na ile geji nikamvisha shingoni mwenyewe.