Chambo kilikuwa hakifiki chini

Kwa misimu miwili rili yangu ya krankibeti, chambo bandia chenye ulimi mbele kinachopiga mbizi kikivutwa, ilikuwa na mshipi mmoja tu: fluorokaboni, aina ya plastiki nzito, ya ratli 17, yaani wa kuhimili mvuto wa ratli 17. Niliununua kwa hoja iliyoniingia akilini wakati ule, kwamba besi mdomo-mpana ni samaki wa nguvu, anakaa kwenye visiki na mawe, kwa hiyo mshipi wake uwe wa kazi nzito. Mshipi ule haukukatika hata siku moja. Na katika misimu hiyo miwili nilipata samaki wachache kuliko kila mtu niliyepanda naye mashua.

Asubuhi moja nilikuwa na mjomba wangu, yeye ndiye aliyenifundisha kuvua. Yeye mbele, mimi nyuma. Tulikuwa tunarusha juu ya mgongo wa mawe uliolala kwenye kina cha mita tatu hivi. Vyambo vyetu vilitoka kwenye boksi moja, umbo lile lile, ulimi wa plastiki ule ule, na kwenye pakiti pameandikwa kwamba vinapiga mbizi hadi mita tatu. Yeye anatoa samaki, mimi navuta maji matupu. Akanigeukia.

“Mjomba, chako kinagonga?”

“Hakigongi, mjomba.”

“Basi hakijafika.”

Akanipa ufito wake, akachukua wangu. Mrusho wa pili tu nikasikia ulimi unakwaruza jiwe, mara tena, kisha chambo kikachepuka pembeni na hapo hapo kikashikwa. Besi wengi huchukua krankibeti wakati huo huo, kinapogonga kitu na kubadili mwendo. Kikipita nusu mita juu ya mawe bila kugusa chochote, mara nyingi wanakiangalia kinapita. Nilipofungua kifuniko cha rili yake nikakuta fluorokaboni ya ratli 10. Kilichokizuia chambo changu kufika chini asubuhi ile kilikuwa mshipi.

Nieleze kwa nini, maana jambo hili sikuwahi kuambiwa na mtu dukani. Krankibeti hutengenezwa kwa mbao au plastiki, na vingi huelea vikitulia. Ukianza kuvuta, maji yanaukandamiza ule ulimi wa mbele na chambo kinaelekea chini kikitikisika. Lakini nyuma yake kuna mshipi mrefu unaoburutwa ndani ya maji, na maji yanaupinga. Ulimi unashusha, mshipi unazuia. Mshipi ukiwa mnene, unakamata maji mengi zaidi na chambo kinaishia juu zaidi. Fluorokaboni ya ratli 10 huwa na unene wa milimita 0.26 hivi, ya ratli 17 inakaribia milimita 0.35. Ukizishika mkononi unaweza kusema ni kitu kimoja. Ila ukirusha mbali, makumi ya mita ya mshipi yanapita majini kwa pamoja, na tofauti ile ndogo inajikusanya njia nzima.

Baadaye nilirudi peke yangu na rili mbili na chambo kimoja, nikakaa mchana mzima kwenye ukingo unaoteremka polepole. Kwa ratli 17 chambo kiliacha kugusa nilipopita mita mbili na nusu. Kwa ratli 10 kiliendelea kukwaruza hadi mita tatu kamili. Nusu mita! Misimu miwili ya kurudi nyumbani mikono mitupu ilikuwa ndani ya nusu mita hiyo.

Kuna faida nyingine ya wembamba: mshipi mwembamba unaruka mbali zaidi. Krankibeti hakifiki kina chake papo hapo. Kinahitaji mita kadhaa za kushuka, na kikikaribia mashua kinaanza kupanda, kwa hiyo sehemu yenye maana ni ile ya katikati tu. Mrusho mfupi unaweza kuwa hauna katikati kabisa.

Basi, kama unavyodhani, baada ya kujua siri ya wembamba nilikimbilia mshipi wa kusuka. Huu umefumwa kwa nyuzi nyembamba za polithini ngumu sana, na ule wa ratli 30 una unene kama wa nailoni ya ratli 8. Mwembamba hivyo, tena na nguvu hivyo, nikaona nimemaliza kazi. Ni kweli chambo kilishuka vizuri, ingawa uzi wenyewe ni mwepesi kuliko maji na unaelea. Unene ndio unaoamua zaidi kuliko uzito.

Lakini samaki wakawa wananiponyoka. Wanagonga, ufito unapinda, wanakuja juu, wanatikisa kichwa, wameondoka. Kipindi hicho kiliniuma kuliko kile cha kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa nawaona. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko besi wote niliowahi kushika, na aliachia akiwa karibu na wavu kabisa, mjomba ameshainama kumchota.

Tatizo ni ndoana. Krankibeti kina ndoana mbili za makucha matatu, ndogo, za waya mwembamba. Besi anakigonga kikiwa mwendoni, na mara nyingi anayeshika ni ukucha mmoja tu wa ndoana ya nyuma, tena kwenye ngozi nyepesi ya pembeni mwa mdomo. Mshipi wa kusuka karibu hautanuki kabisa. Kila anapotikisa kichwa, kila unapovuta kwa pupa, nguvu yote inafika pale kwenye ngozi, tundu linapanuka, na ndoana inachomoka. Mshipi unaotanuka kidogo unameza ile mishtuko. Ufito nao unasaidia: wa mjomba ni wa fiberiglasi, unapinda hadi katikati, wakati wangu ulikuwa mkakamavu na kupinda kwake ni kwenye ncha tu. Nilikuwa nimejifunga mara mbili, uzi usiotanuka juu ya ufito usiokubali.

Siku hizi krankibeti cha kina navua kwa fluorokaboni, na nina sababu zangu. Ni nzito, uzito wake ni kama mara 1.78 ya maji, kwa hiyo inazama badala ya kuning'inia juu. Hainywi maji kama nailoni. Inavumilia mawe. Na inanipa habari: nausikia mtikisiko wa chambo hadi kwenye kiganja, na jani likinasa kwenye ulimi najua mara moja kwa sababu mtikisiko unakufa. Watu husema fluorokaboni haitanuki. Inatanuka, ila inataka ivutwe kwa nguvu zaidi kabla haijaanza, na kwa samaki aliyenasa kwa ukucha mmoja hilo linatosha kumlinda.

Sifa inayotangazwa zaidi kwenye maboksi ni kwamba samaki hawaioni. Kuna ukweli ndani yake, maana uzi unaopinda mwanga karibu sawa na maji ni mgumu kuonekana ndani yake: fluorokaboni inaupinda kwa kiwango cha 1.42, maji ni 1.33, na nailoni iko juu zaidi, karibu 1.53. Lakini kwa krankibeti mimi siilipii sifa hiyo. Chambo kinapita mbio kikitikisika na kugonga mawe, na besi hana nafasi ya kukagua uzi.

Nailoni usiidharau. Ilizaliwa kwenye maabara ya DuPont mwaka 1935, chini ya Wallace Carothers, na hadi leo kuna kazi inayoifanya vizuri kuliko hizo nyingine. Inatanuka sana na karibu inalingana uzito na maji, kwa hiyo inashuka kwa kusitasita. Mahali pake ni kwenye maji mafupi, mita moja au moja na nusu, penye visiki na matawi, ukitumia kile chambo kifupi chenye ulimi wa mraba. Hapo ndipo nailoni ya ratli 15 au 17 inanifaa, na hapo unene ule ule ulionitesa kwenye mawe unanisaidia: unakibakiza chambo juu kidogo, kinagonga tawi na kulipita badala ya kujichimbia ndani yake. Tena samaki akikimbilia kwenye kisiki, unahitaji mshipi wa kumburuta nje.

Mshipi wa kusuka nao nimeubakizia kazi moja, vyambo visivyo na ulimi, vile vyenye punje zinazolia tumboni, juu ya majani ya maji. Chambo kikinasa kwenye majani unakipa mtikiso mmoja mkali, uzi unakata shina na chambo kinachomoka kwa kuruka. Mara nyingi samaki anagonga hapo. Ila sasa nautumia na ufito laini, na samaki akishika simvuti kwa pupa. Naacha ufito ufanye kazi.

Kuhusu fundo nitasema machache. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, hasa fluorokaboni, kwa sababu ikikazwa kavu inajichoma kwa msuguano na kudhoofika pale pale. Mbele ya chambo naweka pete ndogo au klipu ili kichwa kiwe huru kutikisika. Kwa rili ya wazi, ile ambayo mshipi unamwagika kwa mizunguko, sipandi juu ya ratli 10, maana fluorokaboni nene ni ngumu, inakumbuka umbo la gurudumu na inaruka yenyewe kama springi.

Na baada ya kila samaki, na kila baada ya dakika chache za kukwaruza mawe, napitisha mita ya mwisho ya mshipi kati ya vidole. Vidole vikipita vibaya, nausogeza mdomoni, kwa sababu midomo inahisi mkwaruzo ambao vidole haviuoni. Ukiwepo nakata, nafunga upya. Mjomba alikuwa akifanya hivyo miaka yote, nami nilidhani anauramba tu mshipi kwa mazoea.

Jumamosi tulirudi kwenye mgongo ule wa mawe. Alirusha yeye kwanza, nikarusha mimi, na kwa muda mrefu hapakuwa na maneno mashuani. Kisha akauliza tena kama changu kinagonga. Sikuhitaji kumjibu, ncha ya ufito wangu ilikuwa inaruka kila jiwe.