Prosesa moja, mazabodi mbili, nyuzi tofauti

Hamisha Core i5-12400 kutoka mazabodi moja kwenda nyingine, kipozeo kilekile, pesti ileile ya kupitishia joto. Usishangae HWiNFO, programu ya kusoma vihisi, ikikuonyesha nyuzi joto 38 za Selsiasi huku na 46 kule. Wengi hukimbilia kung'oa kipozeo na kupaka pesti upya. Kabla ya kushika bisibisi, angalia namba hiyo imetoka kwenye kihisi gani.

Kila kiini (core) cha prosesa za Intel kina kihisi chake cha dijitali, nacho hakitoi nyuzi moja kwa moja: kinasema zimebaki ngapi kufika kikomo, yaani TjMax. Kwa 12400 kikomo ni 100, kwa hiyo zikibaki 58 programu itaandika 42. Enzi za prosesa za Core 2 programu zililazimika kukisia kikomo hicho, moja ikiweka 85 na nyingine 95 au 105, ndiyo maana mashine moja ilikuwa na majibu matatu. Tangu kizazi cha Nehalem, mwaka 2008, kikomo husomwa kwenye prosesa yenyewe. Hata hivyo vihisi hivi huwa sahihi zaidi karibu na kikomo, hivyo kulinganisha mashine zikiwa zimetulia hakukusaidii kitu.

Mstari ulioandikwa "CPU" tu, bila kutaja viini, mara nyingi ni wa mazabodi. Unatoka kwenye chipu ya bodi ya kusoma vihisi, ya Nuvoton au ITE, ambayo ama huiuliza prosesa, ama husoma dayodi iliyo ndani ya prosesa, ama thamista (kipima joto kidogo) iliyo chini ya soketi. Kwenye bodi za zamani za Socket A, za prosesa za AMD, thamista ilisimama katikati ya soketi. Ikipinda kidogo isiguse tumbo la prosesa, ilikuwa inapima hewa. Dayodi nayo ina lake. Chipu hupitisha mikondo miwili na kulinganisha volti, halafu hupiga hesabu kwa kelvini. Kosa la asilimia 1 kwenye kigezo cha dayodi, prosesa ikiwa nyuzi 77 (kelvini 350), ni nyuzi 3.5 nzima. Juu ya hapo kuna marekebisho ambayo mtengenezaji wa bodi huyatia kwenye BIOS, programu ya msingi ya bodi, bila kumwambia mtu. Ukiona 127 au -128 kwenye AUXTIN, mstari wa kihisi cha ziada, puuza: pini hiyo haijaunganishwa na kitu.

AMD nao walichanganya watu mwaka 2017. Ryzen 7 1700X na 1800X hutoa Tctl, namba ya kuongozea feni, iliyoongezewa nyuzi 20 makusudi; 1700 ya kawaida haikuongezewa. Soma Tdie, joto lenyewe la prosesa.

Lakini pengine tofauti ni ya kweli. Ipe mzigo wa Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, dakika 10, kisha soma CPU Package Power (wati inazokula prosesa) pamoja na joto la viini. 12400 ina wati 65 za msingi na 117 za juu, na bodi nyingine huiachia ile ya juu bila kikomo cha muda, au huipa volti nyingi kuliko inavyohitaji. Wati zikitofautiana, shida iko kwenye mipangilio ya BIOS. Wati zikilingana na joto la chumba likiwa lilelile, lakini viini vinatofautiana nyuzi 10, hapo ndipo ufungue kipozeo: kona moja haikukazwa, au pesti haikuenea. Viini vikilingana na mstari wa "CPU" pekee ukapishana, ni kihisi cha bodi.

Usilinganishe BIOS na Windows. Ndani ya BIOS viini havilali ipasavyo, kwa hiyo joto huwa juu kidogo. BIOS inakufaa kwa jambo jingine: zima mashine usiku kucha, asubuhi iwashe na uingie BIOS papo hapo. Chumba kikiwa na nyuzi 29 na bodi ikasema 22, inadanganya.

Kwenye Linux amri ya sensors hutenganisha yote: coretemp au k10temp ni prosesa, nct6775 ni bodi. Tatizo ni kwamba kwenye bodi nyingi feni hufuata namba ya bodi. Ikisoma chini kwa nyuzi 8, sogeza mstari wa kasi ya feni ili kila kasi ianze nyuzi 8 hizohizo mapema.