Kopo lililobaki juu ya kabati

Wiki nzima imepita na bado naisikia sauti ya yule mzee. Jumamosi tumepokea barua ya posa ya mdogo wangu (ndiyo, hatimaye!), kifunga mimba naye kaleta alama za hisabati ambazo sikuzitegemea, lakini mimi nikikaa tu, narudi kwenye lile benchi.

Mnajua kila Machi, karibu na ile tarehe 20 ya afya ya kinywa na meno, tunaingia gerezani na timu. Siku moja tu, na foleni inaanzia mlangoni inaishia jikoni kwao. Kazi yenyewe ni kung'oa: koleo, sindano za ganzi, pamba, ndoo. Mashine ya kutobolea inataka umeme na kompresa, kwa hiyo hatuibebi.

Mzee akakaa. Shikamoo, marahaba. Gego la chini kushoto, tundu la kuingia punje ya ulezi.

"Baba, hili linazibika. Tusiling'oe."

"Utaliziba leo?"

Nikanyamaza. Kopo la unga wa kuzibia nilikuwa nimelisahau nyumbani, juu ya kabati la vyombo, na nilijua hivyo tangu tukiwa njiani.

"Labda tukirudi..."

"Mwanangu, wewe ukiondoka, jino nabaki nalo mimi. Likiamka usiku, nimwite nani? Toa."

Tangu siku hiyo nimeshamjibu vizuri sana, nikioga, nikichambua mchele. Baba, kesho nakuja mwenyewe. Baba, nitaomba uletwe kliniki. Halafu nakumbuka kwamba kumtoa mfungwa mmoja kunataka kibali, gari na askari, na vyote vipatane na siku jino linapouma.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba ile njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba, bila umeme, mara nyingi bila hata sindano, ilianzia hapa hapa Tanzania miaka ya 1980. Nawafundisha wanafunzi kwa majigambo yote. Slaidi inayofuata ni Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za 2015: kanuni ya 25, kila mfungwa apate huduma ya daktari wa meno aliyesomea. Basi aliipata. Aliyesomea alikuwepo, kopo ndilo halikuwepo.

Nikaling'oa. Mizizi imara, likanitoa jasho.

Nikashusha barakoa nimpe maelekezo: uma pamba nusu saa, leo usisukutue, kesho maji ya chumvi. (Chumvi ataitoa wapi, nilijiuliza nikiwa nimeshasema.) Hata hakuwa ananisikiliza, alikuwa ananitazama mdomoni. Akaliomba jino lake, akaligeuza kwenye mwanga, kahawia kama meno yangu, akatabasamu upande mmoja, ule mwingine umelala kwa ganzi.

"We ni wa Maji ya Chai!"

Jamani, nilicheka hadi nesi akageuka. Ni kweli, ndiko nilikokulia kwa bibi, kule Arusha. Madoa haya ni ya floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yetu, na huingia jino likiwa bado linaumbwa, utotoni. Ukihamia ukubwani hata unywe pipa zima huyapati. Chuoni miaka yote nilicheka nimeziba mdomo kwa kiganja, leo meno haya haya yananitafutia ndugu. Tukaanza kutajiana mifereji, duka la nani lilikuwa kona ipi, mpaka askari akakohoa kuonyesha foleni. Mzee akarudi mstarini amelifumba jino kiganjani. Sijui kama walimruhusu kuingia nalo ndani.

Kopo sasa liko kwenye mkoba wa kazini. Leo nimelichungulia mara tatu.

Halafu fundi wa bati la jikoni, yule aliyechukua advansi tangu Ijumaa, hapatikani kwenye simu, na mlima umefunikwa na wingu jeusi tangu saa nane.