Herufi "s" Peke Yake

Stringi ya 37, yaani kipande cha 37 cha maneno ya programu niliyokuwa naitafsiri, ndiyo iliyonisimamisha. Ndani ya alama za nukuu mlikuwa na herufi moja tu: "s". Niitafsiri vipi?

Ilikuwa mwaka 2018, Bukoto, Kampala. Nilikuwa natia Kiswahili programu ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati. Nikamwita kijana aliyeiandika, akanifungulia msimbo: chukua "patient", idadi isipokuwa 1, bandika "s" nyuma. Kiingereza kinakubali. Kwetu wingi hukaa mbele, mgonjwa, wagonjwa, na kitenzi kinaufuata.

"Si uache tu wazi, Mwalimu?"

Ningeacha wazi, skrini ingeonyesha "mgonjwa 5". Tena kulikuwa na balaa kubwa zaidi: "%s deleted", stringi moja kwa vitu vyote, %s ikiwa nafasi ambayo programu hujaza jina la kitu. Nikiandika "%s imefutwa", itatoka "Mgonjwa imefutwa", "Kitanda imefutwa", Kiswahili kile kile tunachochekewa sisi wa Uganda tukishavuka Malaba.

Nikamuuliza, kwa Kiganda mtu akianguka husemaje? "Omuntu agudde." Na kitabu? "Ekitabo kigudde." Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Lugha ya mama yake ina ngeli kama yangu, ila akikaa kwenye kompyuta huzisahau.

Tulishinda hapo hadi magharibi. Kila tangazo likawa sentensi kamili yenye stringi yake: Mgonjwa amefutwa. Kitanda kimefutwa. Dawa imefutwa. Alinung'unika kwamba faili inanenepa, na inenepe. Idadi zote alizipitisha kwenye ngettext, inayochagua umoja au wingi kwa kuangalia idadi, na kichwani mwa faili ya .po, ile inayobeba tafsiri, tukaandika nplurals=2; plural=(n != 1): maumbo mawili, la wingi kwa kila idadi isiyo 1. "Open" nayo ilikuwa stringi moja, huku inatumika kwenye kitufe na kwenye hali ya jalada. Kitufe kinataka "Fungua", jalada linataka "Halijafungwa". Akazitenga kwa pgettext, inayotofautisha maneno kwa muktadha, kila moja ikapata msgctxt yake, yaani lebo ya muktadha.

Mwisho nikaendesha msgfmt --check, amri inayokagua faili ya tafsiri. Ikagoma, na kosa lilikuwa langu: penye "%(name)s" nilitafsiri mpaka neno la ndani ya mabano, nikaandika "%(jina)s". Hilo ni jina la kigeu, nafasi ambayo programu huijaza yenyewe. Programu hulitafuta kama lilivyo, isipolipata inaanguka.

Kijana akainama kwenye skrini yangu, akasoma polepole.

"Hiyo, Mwalimu, hata kwa Kiganda haipiti."