Kiangazi Uzès, madirisha yakiwa yamefungwa

Agosti imeingia na Uzès mchana imekuwa kimya. Ikigonga saa nne asubuhi, kila nyumba mtaani kwetu imeshafunga vilango vya mbao vya madirisha, na sisi vilevile. Mimi nimezaliwa Tanga, ambako joto likizidi unafungua kila kitu upepo wa bahari upite. Huku kusini mwa Ufaransa upepo wa mchana ni wa moto, kinga yako ni kuta za mawe na giza. Usiku tunafungua wazi, alfajiri nyumba imepoa, kisha tunaufungia ule ubaridi ndani. Watoto wanajilaza sakafuni kwenye vigae, nje nyenje wanalia bila kupumzika.

Jumamosi natoka mapema na mama mkwe kwenda sokoni Place aux Herbes, kabla watalii hawajajaa chini ya ile miti ya platani. Yeye tikiti halipigi vidole kama tufanyavyo kwetu. Analigeuza, analinusa, anatazama kikonyo: likianza kupasuka pale kinapoungana na tunda, basi limeiva, liliwe leo hii. Tunachukua pichi, nyanya, na kitunguu saumu kilichosukwa kama nywele za msichana.

Jioni watoto wanashuka bondeni kwenye chemchemi ya Eure. Nawaambia, na sichoki kuwaambia, kwamba maji haya Warumi waliyapeleka mpaka Nîmes kwa mfereji wa kilomita 50 hivi, yakivuka mto Gardon juu ya lile daraja la Pont du Gard. Wao wanataka kuchovya miguu tu.

Magharibi inaingia saa tatu usiku hivi, na hapo ndipo mtaa unapofufuka. Vilango vinafunguliwa kimoja kimoja, viti vinatolewa nje, watu wanaulizana hali. Nayapenda sana majira haya kwa ajili ya saa hiyo. Wakati wa baridi unaweza kumaliza wiki nzima hujamwona jirani.

Lakini Agosti ndiyo mwezi wa likizo, nusu ya mtaa imekwenda baharini au milimani, hata muoka mikate amebandika karatasi mlangoni. Wanaobaki ni wazee. Agosti ya mwaka 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 nchini humu, wengi wao wazee, na wengi walikuwa peke yao nyumbani. Tangu hapo sheria inamtaka kila meya awe na daftari la wazee na walemavu wanaojiandikisha, ili joto likipanda wajuliwe hali. Ni jambo jema, ila daftari halioni dirisha. Mchana dirisha la mzima na la mgonjwa yote yamefungwa sawasawa. Tofauti inaonekana jioni tu.

Wiki iliyopita la jirani yetu wa chini halikufunguka. Ni bibi wa miaka themanini na kitu, anaishi peke yake. Nilipiga hodi, kimya. Nikapiga tena kwa nguvu, akaitika kwa sauti nyonge. Tulimkuta kitini, midomo imekauka, glasi ya maji imejaa mezani haijaguswa. Mama mkwe alimlowesha shingo na mikono kwa kitambaa, mimi nikampa maji kidogo kidogo, mume wangu akampigia daktari. Mpaka saa tano usiku alikuwa anatugombeza kwamba tunamsumbua bure, nami nilifurahi mno kugombezwa.

Suala la kujiandikisha kwa meya halitaki kabisa, anasema hilo ni la wazee. Ametupa ufunguo wa akiba, na chakula cha jioni anakula kwetu mpaka joto lishuke. Jana alikuja na mtungi wa jamu ya aprikoti, akamwambia mwanangu wa mwisho kwamba kesho atamfundisha kucheza karata.