Mombo mpaka Vuga kwa miguu

Wengi tukisikia Usambara tunawaza Lushoto, baridi, zile picha za Irente ukiwa umesimama ukingoni. Mimi miaka yote nilikuwa naitaka Vuga, makao makuu ya zamani ya wafalme wa Kisambaa, na nilitaka nifike kwa kupanda kutokea Mombo, siyo kwa gari kupitia Soni.

Mombo iko chini, kama mita 400 hivi toka usawa wa bahari, saa moja asubuhi joto lishaanza. Mwongozaji wetu ni kijana wa huko huko, akatuangalia viatu, akatuangalia maji, akasema chupa mbili za maji ziongezwe kwa kila mtu ndo tuanze. Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha, tunapiga stori, halafu njia ikasimama. Yani hakuna kona ya kupumzikia, ni udongo mwekundu na mizizi na mawe yanayoteleza, unashika mti unajivuta, jasho linaingia machoni, na mimi niliyekuwa naongea sana nikaambiwa "dada, funga mdomo, vuta kwa pua, hatua fupi fupi." Nikafunga. Na kweli ilisaidia.

Wakati tunahangaika hivyo wakatupita kina mama wanashuka sokoni, ndizi kichwani, wengine wana watoto mgongoni, wanasalimia vizuri kabisa bila hata kuhema. Mmoja mtu mzima aliniambia "pole mwanangu" kwa huruma ya kweli.

Mwongozaji alikuwa anatusimulia kwa vipande kila tukisimama. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, kwao alionekana mkosi kwa sababu meno ya juu yalitangulia kuota, akakimbia, akaja huku milimani ambako nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mashamba. Akawaua, nyama akagawa kwa watu. Akaua na simba, ndo maana mfalme wa Kisambaa anaitwa Simba Mwene. Hii hadithi nilishaisoma, ila kuisikia umekaa kwenye ukingo wa shamba la mahindi lililoning'inia mlimani ni kitu kingine, unaona kabisa usiku mmoja wa nguruwe unavyoweza kula mwaka mzima wa familia. Mtu anayekuondolea hilo na nyama anakupa, utamkataa kwa lipi?

Tulipofika kwenye migomba na kahawa hewa ikabadilika, upepo wa baridi, nikavaa sweta nililolilalamikia kulibeba. Hapo ukigeuka nyuma unaiona nyika yote chini, mkonge kwa mistari, barabara ya Tanga kwenda Moshi, reli. Na hapo ndo nilielewa kitu ambacho kwenye kusoma kilikuwa kinanipita. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala toka huku juu mpaka pwani, eneo la Pangani mpaka Vanga, na Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipokuja kumuona mwaka 1848 alimkuta Vuga. Sasa fikiria kila ushuru, kila mjumbe, kila kesi, vyote vilipanda huku kwa miguu. Yeye anakaa juu anaona vumbi la anayekuja kabla hajafika, na wewe unafika mbele yake magoti yanatetemeka. Mlima wenyewe ulikuwa sehemu ya ufalme.

Halafu mwanawe Semboja akafanya kinyume, akakaa Mazinde, chini kabisa kwenye njia ya misafara ambako bunduki zilikuwa zinapita. Baada ya Kimweri kufa ukoo uligombana miaka mingi na Semboja akaichoma Vuga. Mwongozaji alinyoosha fimbo kutuonyesha upande wa Mazinde, kulia kwetu kule chini, na nikaona jinsi pale palivyo karibu kwa macho na mbali kwa miguu. Bunduki zilishinda urefu wa mlima. Wajerumani walipokuja wakamnyonga mfalme Mputa mwaka 1895, na Lushoto wakaiita Wilhelmstal.

Vuga yenyewe usitegemee magofu ya mawe. Mji wa wafalme ulikuwa wa miti na nyasi, moto umepita, leo utaona migomba, nyumba za watu, watoto wanatoka shule. Sehemu za makaburi ya wafalme haziendewi hovyo, mpaka wazee waridhie, na sisi hatukulazimisha wala hatukutoa simu. Nilipenda sana hilo. Tukakaa na mzee mmoja kwenye baraza lake, akatuambia habari za matuta, wakati Waingereza walipolazimisha watu walime matuta mlimani ile miaka ya 50 mpaka watu wakakataa. Kazi ilikuwa kubwa na wa kuifanya wakawa wanawake, alisema, na sauti yake ilipanda kama jambo la wiki iliyopita.

Kushuka kwenda Soni ndo magoti yaliisha kabisa, tulifika jua linazama. Mwongozaji tulimlipa zaidi ya tulivyopatana na bado naona haitoshi, maana njia yoyote anaweza kukuonyesha mtu, ila yeye alijua kila bonde ni la ukoo gani.

Nikipona miguu naenda Mazinde, nataka niutazame huu mlima kutokea kwa Semboja.