Barafu juu ya kope

Aliyenivuta kwenye magonjwa ya neva na misuli ni mama mmoja muuza samaki kutoka Arua. Nilikuwa Kampala nikisomea ubingwa wa mishipa ya fahamu, na kama wenzangu wengi nilikuwa nimeelekea kwenye kiharusi. Mama akaingia ameinua kidevu juu, maana kope zilikuwa zimemfunika macho.

"Dokta, asubuhi mimi mzima," akaniambia. "Jioni hata ugali wa muhogo unanishinda kutafuna."

Alikuwa ameshapewa miwani, ameshatibiwa malaria, na nyumbani wakasema amerogwa. Sikuwalaumu. Ugonjwa unaokuja jioni na kuondoka alfajiri unatisha.

Lakini majira hayo ndiyo yaliyousema ugonjwa wenyewe: mayasthenia gravisi. Kingamwili za mwili hushambulia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, pale neva inapokutana na msuli. Msuli hutii mwanzoni, ukitumikishwa sana unalegea.

Mashine ya kupima neva pale nilipokuwa ilikuwa imeharibika, na kipimo cha damu mama asingekimudu. Nikamtuma mwanawe kwa muuza soda getini alete barafu. Nikaitia ndani ya glovu, nikaiweka juu ya kope moja kwa dakika 2. Nilipoiondoa, kope ile ilikuwa imepanda milimita 4 kwa rula. Ya pili, ambayo hatukuigusa, ilikuwa bado imelala. Mwanawe alilia.

Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Kidonge cha pairidostigmini hukizuia kimeng'enya hichohicho, kwa saa 3 hadi 4. Daktari Mary Walker ndiye aliyeonyesha, London mwaka 1934, kwamba dawa ya namna hii huwainua wagonjwa hawa.

Kiharusi nikakiacha. Tangu hapo, mgonjwa akiniambia amechoka, namuuliza kwanza huwa anachoka saa ngapi. Kisha namwambia ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Akikatika kabla ya 20, simruhusu kurudi nyumbani, kwa sababu misuli ya kupumua nayo inachoka.

Mama yule nilimwandikia kadi: asipewe kwinini, maana inaweza kuuzidisha ugonjwa wake. Anaifunga kwenye pindo la leso pamoja na hela zake za samaki, na kila kliniki anayoingia huifungua kabla hajakaa.